Kuchangia kisima cha mafuta Texas: mwendeshaji akianguka, hisa yako inasimama wapi?

Idi, Toronto:

Habari zenu wote. Ule mwaliko wa kuchangia kisima magharibi ya Texas umeshatufikia hata huku. Asilimia 2 kwa dola 90,000, na wanasema mafuta yapo, hatari ni ndogo. Wanaoijua kazi hii, hatari hizo ni zipi hasa? Na mtu akitaka kumwandikisha mama yake aliyeko Mwanza, inakuwaje?

Kombo, Midland:

Kaka Idi, tuanze na hesabu, maana kwenye vipeperushi huishia nusu njia.

Mwenye ardhi huchukua mrabaha kabla ya wote, na huku robo ni kawaida. Kwa hiyo unabeba asilimia 2 ya gharama lakini unapata 1.5 ya mauzo. Chukulia kisima kinatoa mapipa 40 kwa siku na pipa ni dola 65. Mauzo ya mwezi ni 78,000, fungu lako ni 1,170. Kodi ya jimbo ya uchimbaji mafuta ni asilimia 4.6, unabaki na kama 1,116. Kuendesha kisima (umeme wa pampu, kumwaga maji, mafundi) tuseme ni 25,000 kwa mwezi, yako ni 500. Mkononi unabakiwa na 616. Kurudisha 90,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 12, tena kama kisima hakipungui. Na visima vyote hupungua. Vile vya miamba migumu vinavyopasuliwa kwa maji na mchanga huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji ndani ya mwaka wa kwanza.

Halafu muulize mwendeshaji (anayechimba na kukiendesha kisima) gharama nzima ya kisima ni kiasi gani. Akisema milioni 3, asilimia 2 ni 60,000. Ile 30,000 ya juu ni yake hata wasipopata tone. Omba makisio ya gharama yaliyosainiwa, yenye mstari wa kuchimba na mstari wa kukamilisha kisima vikiwa mbalimbali, kwa sababu ankara ya pili ndiyo huwakuta watu hawana kitu.

Sasa mwendeshaji mwenyewe. Wengi wamekopa kwa dhamana ya mafuta ambayo bado yako ardhini. Benki huyapima upya kila baada ya miezi sita hivi. Bei ikishuka, kiwango cha mkopo kinashuka na ziada inadaiwa. Asiyefunga bei mapema hana pa kujificha. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa Mei wa mafuta ya WTI (mafuta ghafi ya kipimo cha bei Marekani) ulifunga kwa hasi dola 37.63. Kampuni ya mafuta ya Whiting ilikuwa imeshakwenda mahakama ya ufilisi mwezi huohuo, Chesapeake ya gesi na mafuta ikafuata Juni. Hao ni wakubwa.

Gesi nayo ina kisa chake. Huku Permian (bonde la mafuta la magharibi ya Texas) inatoka pamoja na mafuta utake usitake, na mabomba yakijaa, bei kwenye Waha, kitovu cha kuuzia gesi huku, huenda chini ya sifuri. Mwaka 2024 ilitokea siku nyingi sana. Maana yake unamlipa mtu aichukue. Maji chumvi vilevile: hutoka mapipa kadhaa kwa kila pipa la mafuta, na pa kuyamwaga panazidi kubana. Baada ya matetemeko karibu na Gardendale, mwishoni mwa 2021 Tume ya Reli ya Texas ilisimamisha visima virefu vya kumwagia maji eneo hilo. (Ndiyo, mafuta husimamiwa na Tume ya Reli.)

Rehema, Houston:

Shikamoo Kaka Kombo, umemaliza upande wa fedha. Upande wa sheria mimi naona hatari kubwa ni karatasi.

Swali la kwanza: hati ya kuhamisha hisa imesajiliwa kwa jina lako kwenye ofisi ya karani wa kaunti kilipo kisima? Kama ulicho nacho ni mkataba tu na cheti chenye muhuri wa dhahabu, mwendeshaji akifilisika msimamizi wa mufilisi anaweza kuifuta hisa ambayo haikusajiliwa, nawe ukapanga foleni na wadai wasio na dhamana. Usitoe fedha kabla hujajua nani atasajili na lini.

Pili, soma mkataba wa ardhi. Texas, muda wa awali ukipita, mkataba hushikiliwa na uzalishaji wenye faida. Uzalishaji ukikoma na kazi isirejeshwe ndani ya siku zilizoandikwa, mara nyingi 60 au 90, mkataba unakufa wenyewe bila barua wala kesi. Hisa yako inakufa nao. Mwendeshaji aliyekosa hela ya kutengeneza pampu anaweza kukuponza hivyohivyo tu.

Tatu, mkandarasi wa saruji au mtambo asipolipwa anaweza kusajili dai juu ya kisima chenyewe. Na mnunuzi wa mafuta akianguka? SemGroup ilipofilisika Julai 2008, wazalishaji wa Texas walidhani sheria ya jimbo lao inawalinda. Mahakama za Delaware zikaona vingine.

Kombo, Midland:

Marahaba Rehema. Ongezeni kuziba kisima. Dhamana ya jumla kwa Tume ni dola 25,000 kwa mwendeshaji mwenye visima visivyozidi 10. Kisima kirefu kimoja huweza kuimaliza yote. Akitoweka, wenye hisa hutafutwa.

Rehema, Houston:

Na ndiyo maana Idi angalia aina ya ubia. Wauzaji husifu kwamba hasara utaikata kwenye kodi ya mshahara. Kweli, lakini kwa sharti kwamba dhima yako haina kikomo. Mlipuko, sumu kwenye maji ya jirani, vyote vinaweza kufika hadi nyumba yako. Dai cheti cha bima ya kudhibiti kisima, jina la ubia likiwemo.

Mama wa Mwanza: mshirika wa kigeni kwenye ubia wa Marekani hukatwa kodi kwa kiwango cha juu kabisa, kwa mtu binafsi asilimia 37 ya fungu lake la faida, kisha ajaze fomu ya 1040-NR (ritani ya kodi ya wageni) kudai ziada. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kodi mara mbili. Akifariki, mali yake iliyoko Marekani ikizidi dola 60,000 inaingia kwenye kodi ya urithi. Kwa 90,000 mmeshavuka. Msimwandikishe.

Idi, Toronto:

Asanteni. Nianzie wapi?

Kombo, Midland:

Omba namba yake ya P-5, ndiyo usajili wa mwendeshaji, huhuishwa kila mwaka. Kwenye tovuti ya Tume utaona visima vyake, vilivyolala, na uzalishaji wa kila mwezi. Kisha tafuta Fomu D yake (taarifa ya kuuza hisa bila usajili kamili) kwa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Akikwambia namba ya P-5 ni siri, hiyo haijawahi kuwa siri.