Tupeane uzoefu: meseji za "kadi yako imesitishwa", wana Tanga mliolizwa na mlioponea

Mkonge Mkavu
Habari za jioni wakuu. Leo asubuhi nipo stendi ya Kange nasubiri gari ya Muheza, simu ikatetemeka mfukoni. "Mpendwa mteja, kadi yako imesitishwa kwa sababu za kiusalama. Thibitisha taarifa zako ndani ya saa 2." Chini linki. Konda anaita abiria, mie nimeganda na chungwa mkononi limemenywa nusu. Si kwamba niliamini. Ila mwaka juzi ilinijia meseji kama hiyo, karibu neno kwa neno, nikajaza kila walichouliza, na laki nne na themanini ya ada ya mtoto ikaenda. Nyumbani nilisema nimemkopesha mtu. Mpaka leo mama watoto anamsubiri huyo mtu alipe.
Nasema humu kwa kuwa hamnijui. Nani mwingine yamemkuta? Na mlioripoti, mliripoti wapi, ikawaje?

Samli
Sisi hatukujui, ila mkeo akipita humu atakujua kwa hilo chungwa.

Pweza wa Deep Sea
Nimeipata hiyo hiyo jana. Kadi imesitishwa. Na kadi yenyewe sina, hata akaunti sina.

Mshonaji wa Ngamiani
Umenitonesha kidonda kaka. Naandika ndefu, mnisamehe.

Mie nina kredit kadi, kikomo chake milioni tatu, naagizia lesi na vifaa vya cherehani mtandaoni. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, nguo za Idi za watu zimejaa mpaka juu ya kabati, na lesi haijafika. Ikaja meseji: mzigo wako umezuiwa, lipa ushuru shilingi 3,200 kwa kadi uachiwe. Jamani, siku hiyo angenitumia hata shetani ningelipa. Nilikuwa nausubiri mzigo kweli! Nikafungua, nikajaza namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, nakaanga kalimati, ikapigwa simu. Mikono ina unga, nikaweka spika. Kijana ana sauti nzuri, ananiita dada, anasema yuko kitengo cha usalama cha benki, kuna mwizi anahangaika na kadi yangu. Akanitajia jina langu lote matatu, akanitajia na tarakimu sita za mwanzo za kadi. Nikalainika. Akasema atanitumia namba ya kumzuia mwizi, nimsomee. Ikaja, nikamsomea. "Imechelewa dada, inakuja nyingine." Nikasoma tena. Mama yupo mkekani anapanga tende, hajawahi kushika kadi maisha yake, akasema, "Mbona huyo mtoto ana haraka na wewe hivyo?"

Hapo ndipo nikanawa mikono nikaitazama meseji yenyewe. Juu ya zile tarakimu sita pameandikwa: malipo ya dola 410, na jina la duka la huko ughaibuni. Ya pili, dola 388. Yote yameandikwa! Mie nilisoma namba tu.

Sasa nataka kupiga benki. Namba ya benki iko wapi? Nyuma ya kadi. Kadi iko wapi? Kwenye droo dukani, na duka nimefunga. Bodaboda hakuna, watu wanakimbilia futari. Nimetembea kwa mguu mpaka barabara ya 12, adhana inalia, tende iko mkononi hata sijaila. Nafungua kufuli, simu inaita meseji: dola 290. Hiyo haikuniomba hata namba.

Benki waliifunga kadi palepale. Niliandika barua ya kupinga malipo. Ile ya 290 walinirudishia, kwa kuwa haikupita na OTP yangu, ile namba ya mara moja inayokuja kwa meseji. Zile mbili wakaniambia namba ulizitoa mwenyewe kwa mdomo wako. Nimelipa miezi tisa.

Binti Pangani
Pole shoga. Tende mkononi… nimeumia.

Kizibo
Chai hii. Bongo hakuna kredit kadi, hiyo ni kadi ya ATM ya kawaida.

Mshonaji wa Ngamiani
Kizibo, deni nilipe mie, kadi uijue wewe?

Mhasibu Mstaafu
Zipo ndugu yangu, ila si nyingi. Kadi ya kawaida inakata hela yako iliyomo kwenye akaunti. Ya mkopo inakata hela ya benki, kisha wewe unaletewa hesabu mwisho wa mwezi. Ndiyo maana dada hakuishiwa hela siku ile, alishtukia ana deni.

Kizibo
Kumbe unaibiwa halafu unalipia na riba. Haramu juu ya haramu.

Binti Pangani
Kizibo hapa si darsani. Mtu kalizwa, mpe pole uende zako.

Kizibo
Pole.

Nipo Kaunta
Nafanya kazi benki, sitaji ipi. Jina lako matatu anaweza kulipata bure. Anajifanya anakutumia elfu moja kwa simu, jina linajitokeza kabla hajathibitisha, anaghairi. Basi. Na zile tarakimu sita za mwanzo si siri. Visa zote zinaanza na 4, na zinazofuata zinaonesha benki na aina ya kadi, watu maelfu wanazo sawa na zako. Na wewe dada ulikuwa umeshamjazia kadi nzima mchana, kwa hiyo hapo alikuwa anakusomea mwandiko wako mwenyewe.

Kinachowamaliza wengi ni hiki: meseji ya tapeli inaweza kuja na jina la benki badala ya namba, na simu ikaipanga humohumo chini ya meseji za kweli za salio. Watu wanakuja kaunta wananionesha, "mbona iko pamoja na zenu?" Jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Tazama linki. Ruka ile https:// ya mwanzo, kisha sehemu ya kuangalia ni ile iliyo mwisho, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata. Wanaweka jina la benki mwanzoni na co.tz yake, halafu nukta, halafu anwani yao wenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo mwenye nyumba, ya mbele ni mpangaji tu. Na kile kikufuli cha kwenye kivinjari hakimaanishi kuwa tovuti ni ya benki. Hata wezi wanacho.

Samli
Mwenye nyumba na mpangaji, hii nimeielewa.

Dogo wa Duga
Mie nachukua rangi ya kucha ya dada, napaka zile namba tatu za nyuma baada ya kuzikariri. Hata mhudumu wa hoteli hazioni.

Nipo Kaunta
Kuzifunika sawa. Ila rangi ikigusa tepu nyeusi au chipu, usije kwangu kulia kadi haisomi.

Chumvi ya Mwambani
Nyie mnaongelea lesi. Kwetu harusi nusura ivunjike.

Bwana harusi, binamu yangu, ni fundi kompyuta, ndiye anayemtengenezea simu kila mtu mtaani. Michango ya harusi, milioni tatu na kitu, ikawekwa kwenye akaunti yake, kwa sababu nani mwingine anajua mambo hayo. Siku ya kikao, wazee wa pande zote mbili wapo, ikamwingilia meseji kwamba kadi itafungwa usiku huo. Akasema, "Ngojeni niwaoneshe wazee jinsi mambo yanavyofanyika siku hizi." Akajaza mbele ya kamati nzima! Mjomba wa bibi harusi kamshikia tochi.

Asubuhi akaunti ina shilingi elfu saba.

Upande wa mke wakasema hakuna tapeli, tapeli ndiye huyu. Mjomba aliyeshika tochi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Binti Pangani
Ndoa ilifungwa??

Pweza wa Deep Sea
Mjomba alishika tochi halafu akakana? Haya bwana.

Dogo wa Duga
Endelea basi, mbona umepotea.

Mtoto wa Chumbageni
Wakati tunamsubiri Chumvi, mtoa mada kauliza kuripoti. Kwanza piga benki wafunge kadi, mengine baadaye. Andika namba yao kwenye simu leo, usingoje mpaka droo imefungwa kama dada. Kisha isambaze hiyo meseji kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usiifute meseji, nenda nayo polisi ukachukue RB, ile namba ya kesi yako kwenye kitabu chao, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na piga *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Kizibo
15040 nilituma mara tatu, hela haikurudi.

Mtoto wa Chumbageni
Kwani nani kasema inarudisha hela? Hiyo ni ya kuifuatilia laini ya tapeli isimlize mwingine. Hela ni wewe na benki yako.

Kizibo
Basi mwandike hivyo, watu tunangoja.

Samli
Mie huwa nawajibu. Nawapa namba za kadi za uongo, naomba wasubiri nivae miwani, naenda kuoga. Mmoja alinisubiri dakika arobaini.

Nipo Kaunta
Ukijibu anajua namba yako iko hai, unapelekwa kwenye daftari la wengine. Usijibu.

Samli
Lakini raha yake.

Bi Mkubwa wa Makorora
Msomeeni Albadiri. Tumbo litamvimba popote alipo.

Mhasibu Mstaafu
Bi Mkubwa, akiwa nje ya nchi inafika?

Bi Mkubwa wa Makorora
Dua haihitaji mtandao.

Chumvi ya Mwambani
Nilikuwa nachajisha simu, umeme ulikatika. Ilibidi bwana harusi aende benki apewe taarifa ya akaunti, kurasa nne, zikatandazwa mkekani, mwalimu mmoja mstaafu akazisoma kwa sauti mstari kwa mstari. Malipo mawili, saa saba za usiku, duka la mtandaoni hakuna anayelijua. Alikuwa ameripoti saa mbili asubuhi, hela ilishapita. Mjomba akasema hizo karatasi hata stesheneri zinachapwa.

Ndoa ilifungwa. Ng'ombe akageuka mbuzi wawili, pilau ikageuka wali wa nazi. Bibi harusi alitoa sharti moja tu, kadi akae nayo yeye. Mpaka leo iko kwenye pindo la kanga yake, binamu akitaka hela anaomba.

Mshonaji wa Ngamiani
Mwanamke kanifurahisha huyo. Na mjomba alikula wali?

Chumvi ya Mwambani
Sahani mbili.

Mkonge Mkavu
Wakuu nashukuru. Nimeituma ile ya asubuhi 15040 na namba ya benki nimeiandika. Jambo moja tu. Mama watoto kanitumia sasa hivi skrinishoti ya uzi huu. Chini yake kaandika neno moja: chungwa.

Samli
Nilisema mie.