Tupeane uzoefu: bakodi fupi za namba chache zimewatesa wapi?

SpeaMajengo
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la spea za pikipiki hapa Majengo, Dodoma. Nimeanza kubandika bakodi kwenye vitu vidogo: plagi, bushi, vikopo vya grisi. Namba zangu ni za tarakimu 6 tu, stika ina upana wa milimita 25, printa ni ya joto (inachapa kwa kuunguza karatasi, haina wino), nukta 203 kwa inchi.

Nilianza na aina ya bakodi inayoitwa Code 39 kwa sababu kijana aliyeniuzia mashine aliiacha humo. Mistari ikatoka nje ya stika. Nikaibana, skana ikagoma, nikarudi kwenye daftari huku mteja amenikodolea macho. Kumbe Code 39 inabeba tarakimu moja moja, na juu yake inaweka nyota mwanzo na mwisho. Aina nyingine, Code 128, ina seti tatu za alama, na seti C inabeba mbili mbili. Namba yangu ikashuka kutoka vipande 103 (kipande ni upana wa mstari mwembamba kabisa) hadi 68. Kipande kimoja ni nukta mbili, yaani robo milimita, kwa hiyo mistari ni milimita 17. Ongeza weupe wa vipande 10 kila upande, unapata 22. Ikaenea. Nyie je?

MzeeWaMpwapwa
Mimi Code 128 hiyo hiyo ilinitolea mistari mirefu kama ya Code 39. Programu ilikaa kwenye seti B, na B nayo ni tarakimu moja moja. Angalieni hapo kabla ya kuitukana printa.

KibaigwaKwetu
Niulizeni mimi kuhusu ITF, aina nyingine ya bakodi ya namba tupu. Ghalani kwetu, kwenye mahindi, tuliichagua kwa ufupi wake: tarakimu moja inakaa kwenye mistari myeusi, mwenzake kwenye nafasi nyeupe za katikati. Tarakimu 6, mnene ukiwa mara tatu ya mwembamba, ni vipande 63. Ukipunguza unene inafupika zaidi.

Shida ni alama zake za mwanzo na mwisho, nyepesi mno. Skana ikipita kimshazari inaishia katikati, na inalia pii bila aibu. Lundo namba 481217 likaingia kama 4812. Na 4812 ilikuwepo, maana namba za msimu wa nyuma zilikuwa za tarakimu 4! Mzigo wa mama mmoja wa Pandambili ukasomeka wa mtu mwingine. Tulihesabu magunia upya kwa tochi za simu hadi saa tatu usiku, na mama mwenyewe kakaa juu ya ndoo anatutazama tu. Sasa skana imepangwa kupokea tarakimu 6, pungufu inakataa, na ya mwisho ni ya kuhakiki, inakokotolewa kutoka kwa zile nyingine ili kosa linaswe. Halafu ITF haitaki idadi witiri, lazima uongeze sifuri mbele.

Maabara_Usiku
Ndiyo maana kwenye sampuli za damu mimi sitaki kuisikia ITF. Code 128 ina hesabu ya kuhakiki ndani yake, huwezi kuizima. Kosa letu lilikuwa jingine: tulizungusha stika kwenye tyubu, nusu ya mistari ikajificha nyuma. Igeuzeni, mistari ikae kama vidato vya ngazi.

BintiHombolo
Mie nina mvinyo kidogo wa nyumbani. Mchoraji akanipendezeshea lebo, mistari myekundu kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Macho yangu yanaiona vizuri, ila skana ina taa nyekundu, kwake ni karatasi tupu. Boksi zima la lebo nawashia jiko.

Mwanachuo_Chimwaga
Dada pole 😂 Mimi nilipakua fonti ya Code 128, nikaandika 1234 nikachapa. Haisomi. Fonti haikuhesabii chochote: mwanzo wa C ni 105, ongeza 12 mara 1, ongeza 34 mara 2, jumla 185; gawanya kwa 103, linabaki 82, alama yenye thamani hiyo ndiyo unayochapa kabla ya alama ya mwisho. Na Excel ilikuwa imeshanilia sifuri zote za mbele. Andikeni kama maandishi, si namba.

BintiHombolo
Sasa hizi fupi zenu nikipeleka chupa supamaketi zitasoma?

SpeaMajengo
Hapana dada, hizi ni za ndani ya duka lako tu. Kule wanataka EAN, bakodi ya bidhaa za madukani, iliyosajiliwa, za Tanzania zinaanza na 620. Kifungashio kikiwa kidogo sana kuna EAN-8, ina vipande 67.

MzeeWaMpwapwa
Halafu usiivute picha kwa kipanya ili ienee. Mstari wa nukta mbili unageuka mbili na nusu, printa haina nusu nukta, inakukadiria. Na hiyo karatasi yako ya joto, kwa jua hili?

SpeaMajengo
Mzee umenishtua. Nimebandika moja kwenye kioo cha dirisha tangu Jumatatu. Bado inasoma, ila weusi umeanza kuwa kahawia.