"Ubora otomatiki" unakula bando kwa picha ambayo jicho haliioni

Wakuu, nimechoka. Nafungua video kwenye simu, kidirisha kidogo pembeni huku nasoma vitu vingine, programu inanishushia picha ya 1080p, ubora wa juu kabisa kwa kidirisha hicho. Kisa? Mtandao umeruhusu! Akili yote ya "otomatiki" imeishia hapo.

Najua inavyofanya kazi, msije kunifundisha. Video inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kinawekwa kwenye seva kwa viwango kadhaa vya ubora. Simu inapima kipande kilichopita kimeshuka kwa kasi gani, inaangalia akiba iliyobaki (vipande vilivyopakuliwa mbele ambavyo bado hujavitazama), inachagua kinachofuata. Mbinu hii si mpya: HLS, mfumo wa Apple wa kurusha video hivyo, upo tangu 2009, na DASH, mfumo mwingine wa aina hiyohiyo, ukawa kiwango cha kimataifa 2012, kwa hiyo muda wa kujirekebisha wameupata. Lakini mpaka leo programu hii (siitaji jina) inauliza tu njia inapitisha kiasi gani. Kioo kinahitaji kiasi gani, haina habari. Saa moja kwa megabiti 5 kwa sekunde ni GB 2.25, kwa megabiti 1 ni MB 450. Tofauti hiyo bando langu ndilo linaibeba.

Kinachonipandisha presha zaidi ni hiyo akiba. Inapakua mbele kwa pupa, mimi nikionja mwanzo na kuona upuuzi natoka, vyote vinatupwa. Mtandao ukitengemaa ndiyo balaa: inatupa vipande vya ubora wa chini ilivyokwisha kuvileta, inavifuata tena kwa ubora wa juu. Nimelipia sekunde zilezile mara mbili! Halafu nikizima kioo nisikilize sauti tu, picha inaendelea kushuka. Anaitazama nani?

Na asitokee mtu kusema haiwezekani. Machi 2020 Umoja wa Ulaya ulipoomba mzigo kwenye mtandao upunguzwe, Netflix walishusha viwango na kukadiria matumizi yao ya data huko yatapungua kwa takriban asilimia 25. Tena tangu 2015 wanapanga viwango kwa kila video kivyake, maana katuni tulivu haihitaji data sawa na filamu ya mapigano.

Mimi sidai makubwa. Nikiweka kikomo cha 480p (ubora wa chini unaonitosha), kibaki 480p mpaka nikitoe mwenyewe. Sasa hivi kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na ukifungua video nyingine kimerudi "otomatiki".

Wajuzi, kuna programu yoyote inayoheshimu kikomo? Anayetaka kuniambia ninunue bando kubwa apite kimyakimya.