Slaidi inasema 24%, flosaitometri inasema 11%. Tuamini ipi?

BintiMkubwa

Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 61. Amekuwa akichoka sana, fizi zinatoa damu, na picha kamili ya damu ilionyesha chembe sahani ziko chini. Wakamchoma sindano nyuma ya nyonga, wakavuta uboho. Majibu yamekuja kwenye karatasi mbili. Ya hadubini imeandikwa blasti 24%. Ya flosaitometri imeandikwa 11%, halafu herufi na namba: CD34 ipo, CD117 ipo, CD13 na CD33 zipo, MPO ipo, HLA-DR ipo, CD7 ipo kwa sehemu, CD19 haipo, CD3 haipo. Kaka yangu anasema sampuli zimechanganywa na za mtu mwingine, anataka mama achomwe upya. Mama aliumia sana, sitaki ateseke tena bure. Daktari tunaonana naye keshokutwa. Naombeni mnieleweshe.

Leza_na_Seli

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya hiyo mashine ya flosaitometri, inayotambua seli kwa leza, kwa hiyo nianze na kinachomsumbua kaka. Tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa sampuli kuchanganywa. Tunaiona mara kwa mara, na mara nyingi inaanzia kwenye uvutaji wenyewe. Mvuto wa kwanza wa uboho ndio wenye vile vipande vidogo vilivyojaa seli, na ndio unaopakwa kwenye slaidi. Inayofuata huja na damu nyingi ya mshipani. Nikiletewa mvuto wa pili au wa tatu, mashine itahesabu vizuri tu kilichomo, ila kilichomo ni uboho uliozimuliwa. Ndiyo maana asilimia ya blasti, yaani seli changa za damu zisizokomaa, inayotumika kuutaja ugonjwa huhesabiwa kwa jicho, na mwongozo ni seli 500. Kwa lukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, mpaka uliozoeleka ni 20%, ingawa aina chache zenye mabadiliko fulani ya jeni hazisubiri kufika hapo. 11 ya flosaitometri haiishushi 24 ya slaidi.

Flosaitometri inajibu swali jingine: hizi ni seli za ukoo gani? Seli changa za mieloidi (ukoo wa chembe nyekundu, chembe sahani na baadhi ya chembe nyeupe) na za limfoidi (ukoo wa chembe nyeupe za B, T na NK) zinaweza kufanana kabisa chini ya hadubini, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Sisi tunaziweka pamoja na kingamwili zilizobandikwa rangi zinazong'aa, kila moja ikishika protini yake; zile CD, MPO na HLA-DR za kwenye karatasi ni majina ya protini hizo. Kisha seli zinapita mbele ya leza moja moja, maelfu kwa muda mfupi. Mwanga unaoendelea mbele unanieleza ukubwa wa seli, unaotawanyika pembeni unanieleza ina chembechembe kiasi gani ndani, na rangi zinanieleza imebeba nini. Nikipanga CD45 dhidi ya ule mwanga wa pembeni, blasti kwa kawaida hujikusanya pale CD45 ilipo hafifu na mwanga ni mdogo. Naliangalia eneo hilo kabla ya mengine yote.

Kwa mama: CD34 na CD117 zinasema seli ni changa. CD13, CD33 na hasa MPO zinasema ni za mieloidi. Kukosekana kwa CD19 na CD3 kunaziweka mbali na ukoo wa B na wa T. CD7 kwa kawaida ni ya seli T na NK, hapa imekaa pasipo pake, na kwa sababu hiyo itunzeni sana karatasi hii. Baada ya matibabu, seli zenye mchanganyiko huohuo zinaweza kusakwa hata ikibaki moja kati ya elfu moja, wakati mwingine moja kati ya elfu kumi.

Kama kaka bado ana shaka, linganisheni jina na namba ya sampuli kwenye karatasi zote mbili, na mwulizeni daktari kama iliyopelekwa flosaitometri ilikuwa mvuto wa pili. Kumchoma mama upya kwa sababu ya namba hizi mbili tu, mimi nisingekubali.

ZamuYaUsiku

Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu. Naungana na aliyetangulia. Niongeze kwamba CD34 na HLA-DR zikiwepo, picha haielekei sana kwenye lukemia ya promielosaiti, aina mojawapo ya lukemia kali ya mieloidi, ambayo mara nyingi huzikosa zote mbili na huanziwa dawa mara tu inaposhukiwa. Lakini flosaitometri haiifungi hoja hiyo. Majibu ya kromosomu na jeni, kama FLT3 na NPM1, ndiyo yatakayokamilisha. Ulizeni kama yametumwa.

Ila dada, fizi zinazotoa damu na karatasi yenye blasti 24% si mambo ya kusubiri keshokutwa. Pigeni simu hospitali leo. Akipata homa, kichwa kikimuuma sana, au damu isipokata, msipige simu, mpelekeni.

Mpwa_wa_Halima

Samahani kuingilia. Mjomba wangu alivutwa uboho, sindano ikatoka kavu. Hapo flosaitometri haiwezekani tena?

Leza_na_Seli

Inategemea, ndugu. Uboho wenye makovu au uliobanana seli mara nyingi hugoma kutoka. Hapo kipande cha mfupa chenyewe hupakwa kingamwili na kusomwa kwa hadubini, na kama blasti zimeshaingia kwenye damu, nipe damu ya mkononi nitafanya kazi. Kipande cha mfupa kikishatumbukizwa kwenye fomalini, kwangu hakifai tena.

BintiMkubwa

Asanteni sana, daktari na ndugu yangu wa maabara. Nimepiga simu, wamesema tumlete mama jioni hii. Jina na namba ya sampuli ni zilezile kwenye karatasi zote mbili, kaka ameziona mwenyewe. Vipimo vya jeni wamesema vimetumwa, bado majibu.