TV ipi haina mistari myeusi? Inchi 43 ya Mwanjelwa au 50 ya mtumba Tunduma

Mwana_Tukuyu
Wakuu habari za usiku. Nataka kumnunulia mzee TV kabla ya Pasaka. Kuna inchi 43 mpya dukani Mwanjelwa, na kuna inchi 50 ya mtumba Tunduma, bei zinakaribiana. Shida yangu ni mistari myeusi. Jamaa wa Tunduma alipochomeka flashi, sinema ikaacha weusi juu na chini, kila upande upana wa kiganja. Ya Mwanjelwa picha imejaa kioo chote. Je, nichukue 43? Au kuna kampuni ambayo TV zake hazina hiyo mistari?

Kipanga_Mafiati
Mzee anaangalia nini? King'amuzi, flashi, au intaneti? Anakaa mbali kiasi gani na TV? Mnauliza TV kama mnauliza viazi.

FundiKihesa
Weusi huo umetoka kwenye sinema yenyewe, TV haina kosa. Flati karibu zote zinazouzwa sasa ni 16:9, yaani upana 16 kwa kimo 9. Sinema nyingi za ukumbini upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Inchi hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo inchi 50 ina upana wa sm 110 na kimo cha sm 62. Ukiitandaza sinema hiyo upana wote, kimo chake kinafika sm 46 tu. Zinabaki 16, ndiyo viganja vyako viwili.

Dukani wamekuwekea ile video ya maua na samaki, imetengenezwa kwa 16:9. Hata Tunduma ingejaa. Rudi Mwanjelwa na flashi ileile uone.

Baridi_Njombe
50 ni 50, chukua ya Tunduma. Mistari ikikukera, shika rimoti, weka zumu, mchezo umeisha.

MamaKibanda
Baridi, usimpoteze mwenzio. Nilikuwa na kibanda umiza Makambako, inchi 55. Wateja wakilalamika kila sinema: "Mama, nusu ya kioo tumelipia giza." Kijana wangu akaweka zumu, watu wakapiga makofi. Jioni ikaja mechi, hakuna aliyekumbuka kurudisha. Zumu ikakata kona zote, na dakika na matokeo yako kona ya juu kushoto! Akaingia baba mmoja kachelewa, akauliza ngapi ngapi. Huyu akamwambia moja bila, yule akasema mbili bila, kumbe kuna goli lilikataliwa wakati wengine wako nje wanavuta sigara. Sasa kila mtu anaangalia kona, kona haipo. Wakabishana mpaka benchi likakatika mguu. Nikarudisha mia tano za watu kumi na tisa. Na waliokunywa soda hawakurudisha chupa.

Zumu siipendi mpaka leo.

Baridi_Njombe
Pole mama, ila hapo tatizo ni kijana, si zumu.

Mwana_Tukuyu
Samahani wakuu, kuna kitu nilisahau. Mzee haangalii sinema. Ni taarifa ya habari, na kwaya za zamani, zile DVD za miaka ya 2000 nilizomhamishia kwenye flashi. Sasa hivi ana TV ya zamani ya chogo, inchi 21.

Kipanga_Mafiati
Tangu juzi tunapima sinema hapa!!

FundiKihesa
Basi hesabu inageuka. Kama kwaya zake zinajaa kwenye hilo chogo bila mistari, hizo ni 4:3. Kwenye flati weusi utahamia kushoto na kulia. Kwa inchi 43 picha itakuwa sm 71 kwa 53, sawa na chogo la inchi 35, na chogo la hivyo ungelibeba na wenzako watatu. Hajapoteza kitu. Ila usimwekee ile ya kuvuta picha ijae, sauti ya kwanza wote watanenepa, na kinanda kitakuwa kirefu kama meza ya harusi. Angalia na king'amuzi pia, kina mpangilio wake. Kikigombana na TV utapata weusi pande zote nne, picha inakaa katikati kama stempu.

Mwalimu_Mstaafu
Niongezee kidogo. Televisheni za mwanzo zilifuata umbo la sinema za wakati ule, 4:3 au karibu yake. Miaka ya 1950 watu wa Marekani wakawa wanabaki nyumbani na televisheni, ndipo wenye sinema wakapanua picha ili kuwarudisha ukumbini. CinemaScope, mfumo mmojawapo wa sinema pana, ni ya 1953. Miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers akatafuta umbo la katikati, lisilozionea sana picha za zamani wala sinema pana. Ndiyo hii 16:9. Kwa hiyo weusi ni maafikiano.

Baridi_Njombe
Mwalimu shikamoo, ila mzee wa Tukuyu anataka kwaya.

Kipanga_Mafiati
Na Tukuyu kwa mvua ile na radi zake, mtumba usio na waranti? Hapana.

Baridi_Njombe
Radi inasoma waranti siku hizi?

Mwana_Tukuyu
Wakuu, leo nimempigia mama apime. TV inakaa ndani ya kabati la mninga alilochonga mzee mwenyewe, nafasi yake ni sm 74. Ya 43 ina karibu sm 96. Nimemgusia mzee tulikate pembeni, akanijibu, "Likate la kwako."

FundiKihesa
Hapo ni inchi 32. Upana sm 72 hivi, itapita kwa kubanana. Kwaya itakuwa sm 53 kwa 40, bado imezidi chogo.

Baridi_Njombe
32 mwaka huu? Tundika 50 ukutani, kabati liwekwe vyombo.

MamaKibanda
Wewe Baridi una hisa Tunduma?

Kipanga_Mafiati
Mwana_Tukuyu, sm 74 ni upana. Kimo cha hiyo nafasi?

Mwana_Tukuyu
Kimo sikumuuliza.