Simu za usiku zimenimaliza. Mliokaa kwenye harakati, mnapumzikaje?

binti_mathare:
Habari zenu. Mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Mimi sishiki kipaza sauti. Kazi yangu ni daftari. Tangu maandamano ya Mswada wa Fedha hapa Kenya, Juni 2024, kijana akikamatwa watu wake wananipigia. Naandika jina, kituo, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), wakili aliyeenda, na saa aliyoshikwa. Saa ndiyo muhimu, maana Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na lazima awepo mtu wa kuzihesabu. Kaunta buku ya kwanza ilijaa kabla Julai haijaisha. Sasa niko ya tatu.

Juni 25 ile watu walipoingia bungeni, mimi nilikuwa chumbani kwangu Mlango Kubwa, simu iko kwenye chaji tangu asubuhi. Mama mmoja alipiga mara kumi na moja akimtafuta mwanawe. Ya kumi na mbili hakupiga, na nilijua kwa nini. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi, mtaani wakashangilia. Mimi nilikaa kitandani naitazama simu.

Siku hizo nilikuwa nalia. Sasa silii. Mwezi uliopita mama mwingine alipiga akilia, nikamkatiza: "Jina kamili. Kituo gani?" Jioni nikamkuta mwanangu wa miaka sita ameweka kiatu sikioni, anamwambia dadake: "Jina kamili. Kituo gani?" Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi muda mrefu.

Simu ikilia usiku mkono unatetemeka hata kama ni shangazi kutoka Murang'a. Nikiizima, usingizi hauji, nawaza nani yuko seli. Nikipeleka watoto kanisani naona kama nimemwibia mtu saa zake. Mnapumzikaje bila kujiona msaliti?

muuguzi_eastlands:
Pole sana dada. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu uchovu huu. Aliuona kwa waliojitolea katika kliniki ya bure huko New York, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo tangu mwanzo ulijulikana kwa watu kama wewe, wanaofanya kazi kwa moyo. Baadaye Christina Maslach alieleza sura zake tatu: nguvu za ndani kukauka, wale unaowahudumia kuanza kuwa kama makaratasi mbele yako, na kuona kazi yako haifui dafu. "Jina kamili, kituo gani" ni hiyo ya pili. Roho yako haijawa mbaya. Inajikinga.

Ila mkono kutetemeka na kukosa usingizi kunanitia wasiwasi zaidi. Huenda ni kiwewe, na likizo peke yake haikiondoi. Tafadhali muone mshauri nasaha ana kwa ana, na umtajie yule mama wa simu kumi na moja.

mzee_wa_sabasaba:
Binti yangu, mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula pale Freedom Corner, Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowatawanya, walihamia kanisa la All Saints na kukaa humo karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa kijana, napeleka chai. Nilikuwa na zamu, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine haikuwa yangu, hata kama nilitaka kwenda.

Baadaye nikajiona siwezi kukosekana mahali popote. Nikaanza kurudi nyumbani bila neno hata moja kwa mke wangu, miezi na miezi. Yeye ndiye aliyeniambia nimeshakuwa mgeni.

jirani_huruma:
Mzee, zamu ni nzuri, lakini nani atapokea? Kila mtu anasema "pumzika dada", halafu usiku ukifika wote wamelala. Mimi nachoka kusikia hilo neno. Dada, nipe Jumatatu na Alhamisi. Nina kabambe, simu ndogo ya vitufe, inayokaa chaji siku tatu. Nifundishe tu unavyoandika.

binti_mathare:
Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Mzee wangu, asante kwa hiyo ya mgeni. Muuguzi, nimepata nafasi kwa mshauri Jumatano.

Jirani alikuja Jumamosi, tukapitia daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka giza likaingia. Jana laini ililala kwake. Nilishtuka saa tisa usiku nikaipapasa mezani, kisha nikakumbuka. Sikulala tena, lakini nilibaki kitandani.

Leo nimempigia yule mama niliyemkatiza. Mwanawe alitoka. Nikamwuliza jina lake yeye, maana daftarini sikuwa nimeliandika.