MREJESHO: Pasi za wageni kwenye imeili ya simu, kufuli limekubali

Assalam aleikum wakubwa, nnarudi na mrejesho kama nlivoahidi. Nliuliza vipi nimtumie mwenzangu alioko Wete kopi za pasi (pasipoti) za wageni wetu wa Paje bila mtu wa kati kuzisoma, cheti cha S/MIME (njia ya kusaini imeili na kuzifunga asome mlengwa tu) nnacho lakini kila nikimwandikia iPhone inaleta kufuli jekundu lipo wazi.

Kumbe cheti changu hakina tatizo. Chake ndo nlikuwa sina, na ili umfungie mtu barua unahitaji ufunguo wake yeye wa wazi, wako wa siri ni wa kusaini na kufungulia unazoletewa. Basi akanitumia imeili moja alosaini, nikagusa jina lake pale juu, nikatazama cheti, nikakisakinisha, nikamjibu palepale na kufuli likaja la buluu, limefungwa! Nlifurahi wallahi, mana pasi ya mtu ni amana.

Jengine, kichwa cha imeili hakifungwi, inafungwa barua na viambatisho tu, kwa hiyo namba ya pasi siandiki tena pale juu. Na lile faili la p12, lenye cheti changu na ufunguo wangu wa siri, nshaliweka kwenye flashi ipo kabatini, mana simu ikiibiwa Darajani na huna kopi ya ufunguo, barua zako zilofungwa huzisomi tena. Hata cheti kikiisha muda usikifute, cha zamani ndo kinafungua za zamani.

Kaka ulonambia nianze na imeili ya kusaini, ahsante sana.